Kuupata upendo kwa Mungu katika njia ya bhakti: ni juhudi au ni neema?

Ndugu msomaji, umeniandikia kutoka Dar es Salaam kwamba ulilelewa katika nyumba ya Kigujarati inayomwabudu Krishna kwa njia ya bhakti, yaani ibada ya kumpenda Mungu. Kwamba marehemu bibi yako hakuweza kuimba bhajani moja, yaani wimbo wa ibada, hadi mwisho bila machozi kumtoka. Na kwamba wewe mwenyewe, kwa miaka kadhaa sasa, umekuwa ukiamka alfajiri na kulitaja jina la Mungu kwa tasbihi ya punje 108, lakini moyo wako umebaki mkavu. Umesoma mahali fulani kwamba upendo huo ni zawadi ambayo Mungu humpa amtakaye, na mahali pengine ukazikuta hatua zake zimepangwa moja hadi tisa. Unauliza hupatikana vipi hasa, na kama ukavu huo ni dalili kwamba njia ya bibi yako si yako.

Nitajibu kwa kufuata zaidi mapokeo ya Wavaishnava wa Bengal, yaani waabudu wa Vishnu na Krishna, kwa sababu miongoni mwa yale ninayoyafahamu ndiyo yaliyolichambua suala hili kwa undani zaidi, ingawa itanibidi nipite pia kwa Watamil wa kusini mwa India na kwa Wagujarati wenzako. Wanaomwelekea Shiva au Mama Kali wana hazina yao kubwa, kama zile nyimbo za Manikkavachakar na za Ramprasad Sen, ambayo leo nitaiacha pembeni kwa kuwa wewe umeuliza kuhusu Krishna.

Mtu aliyelikabili swali lako ana kwa ana ni Rupa Goswami, msomi aliyeacha cheo katika serikali ya Sultani Alauddin Husain Shah wa Bengal ili amfuate mtakatifu Chaitanya (1486–1533), kisha akahamia Vrindavan, mji mtakatifu wa Krishna kaskazini mwa India, ambako mwaka 1541 alikamilisha kitabu chake kiitwacho Bhaktirasamritasindhu. Anapoanza kueleza sadhana, yaani ibada ya mazoezi ya kila siku, anaweka ufafanuzi ambao wasomaji wengi huupita haraka. Sadhana, anasema, ni ibada itendwayo kwa mwili na hisi ambayo lengo lake ni upendo. Kisha, kwa kuwa anajua kwamba mtu makini atahoji inawezekanaje kitu cha milele kizaliwe na kazi ya ulimi na mikono, anaongeza kwamba upendo huo upo tangu milele, na kwamba tukisema mtu “ameupata” tunamaanisha kuwa umejidhihirisha moyoni mwake. Krishnadasa Kaviraja, aliyeandika maisha ya Chaitanya kwa Kibengali, analirudia jambo hilo waziwazi zaidi: upendo kwa Krishna hautengenezwi kamwe, bali huchomoza katika moyo uliotakasika kwa kusikiliza na kwa matendo mengine ya ibada.

Ukiukubali ufafanuzi huo, mvutano kati ya vitabu vyako viwili hupungua makali. Tasbihi yako haiuzalishi upendo, wala haikudaiwa kufanya hivyo. Inaondoa kinachouzuia usionekane. Rupa mwenyewe anataja sifa sita za bhakti, na mojawapo ni kwamba ni adimu sana, tena adimu kwa namna mbili: haipatikani hata kwa mazoezi mengi ya muda mrefu endapo mazoezi hayo hayana mshikamano wa moyo, na hata pale mshikamano ulipo, Hari mwenyewe, yaani Krishna, haitoi upesi. Tazama jinsi anavyozifunga kauli zako mbili katika sentensi moja. Namna ya kwanza inamhusu mwanadamu na bidii yake. Ya pili inamhusu Mungu na hiari yake. Na hakuna inayoifuta nyenzake.

Anapofika kwenye bhava, yaani upendo unapoanza kupambazuka, anasema huja kwa njia mbili. Wengi huupata kwa kuzama katika sadhana, na wachache sana huupokea kwa neema tupu ya Krishna au ya waja wake bila ya kuwa wametangulia kufanya lolote. Simulizi za wale wachache ndizo zinazopendwa kusimuliwa, na ninadhani ndizo zinazowakatisha tamaa watu kama wewe, maana msikilizaji huondoka akiamini kwamba jambo likitoka kwa Mungu lazima litokee ghafla.

Kusini mwa India mjadala huu uliwahi kuigawa jumuiya nzima. Wafuasi wa Ramanuja, mwanafalsafa wa karne za 11 na 12 ambaye aliielezea bhakti kuwa ni kumkumbuka Mungu kwa upendo bila kukatika, walikubaliana kwamba wokovu ni kwa neema, lakini wakatofautiana kuhusu anayepaswa kuanza. Upande wa kaskazini wa jumuiya hiyo, uliomfuata Vedanta Desika, ulifundisha kwamba mja ni kama mtoto wa nyani, ambaye mama ndiye anayembeba lakini yeye hana budi kujishikilia tumboni. Upande wa kusini, uliomfuata Pillai Lokacharya, ukajibu kwamba mja ni kama mtoto wa paka, ambaye mama humbeba kwa kumng’ata shingoni ilhali yeye mwenyewe amelegea tu. Pande zote mbili zipo hadi leo, zina mahekalu yao na hata alama za paji la uso zinazotofautiana. Kwa maoni yangu, mtu anayeamka alfajiri kama wewe anahitaji zaidi kuwasikiliza walimu wa paka, kwa sababu hatari yake ni kuanza kuamini kwamba Mungu anamdai idadi fulani ya punje. Na yule asiyeamka kabisa kwa kisingizio cha kungojea neema angefaa kuwasikiliza walimu wa nyani. Mafundisho haya ni dawa, na dawa hutolewa kwa kumwangalia mgonjwa.

Bhagavad Gita nayo, andiko la mazungumzo ya Krishna na shujaa Arjuna, katika sura ya 12, ina ngazi ambayo watu huisoma kwa kupanda, ilhali Krishna anaitamka kwa kushuka. Anamwambia Arjuna aweke akili na moyo wake wote kwake. Kama hawezi, basi amtafute kwa mazoezi ya kurudiarudia. Kama hilo nalo ni gumu, afanye kazi zake kwa ajili yake. Na kama hata hilo limemshinda, basi aachilie matunda ya matendo yake. Ninavyoielewa sehemu hii, hakuna mlango ambao mtu anaukuta umefungwa kabisa. Kila anaposema “siwezi” anaonyeshwa ulio chini yake kidogo. Wewe umo katika daraja la pili, la mazoezi, na daraja hilo limewekwa kwa ajili ya mtu ambaye moyo wake bado haujatulia kwa Mungu. Anayefanya mazoezi huku moyo ukiwa haujawaka anafanya hasa kile ambacho aya hiyo inamwagiza. Sura ya 10 ya kitabu hichohicho inaongeza upande wa pili: wale wanaomwabudu daima kwa upendo, yeye mwenyewe huwapa ufahamu wa kumfikia.

Sasa nije kwenye ukavu wenyewe, ambao naona ndio uliokufanya uandike.

Rupa ndiye aliyezipanga hatua tisa ulizozisoma. Inatangulia imani, kisha kuandamana na watu wa Mungu, kisha kuanza ibada ya mpangilio, kisha kuondoka kwa vizuizi vya moyo. Baada ya hapo huja uthabiti, halafu ladha, halafu mvuto mkubwa kwa Mungu mwenyewe, halafu bhava, na mwisho prema, ambayo ni upendo uliokomaa. Angalia mahali ladha ilipowekwa. Ni hatua ya sita. Hakuna popote katika mpangilio huo ambapo mtu anayeanza kutaja jina ameahidiwa utamu. Kabla ya utamu kuna kazi ndefu ya kuondolewa vizuizi na kuna uthabiti, yaani kuendelea vilevile siku utakapojisikia na siku usipojisikia. Nimekutana na wasomaji wengi walioihamisha hatua ya sita wakaiweka ya tatu, kisha wakahukumu kwamba wamefeli.

Mwandishi aliyezieleza hatua hizo za katikati kwa jicho kali zaidi ni Vishvanatha Chakravarti, aliyeishi karne moja na zaidi baada ya Rupa, katika kitabu kidogo kiitwacho Madhuryakadambini. Anasema ibada ya mtu ambaye hajawa thabiti hupita katika hali sita, na anazichora kama mtu aliyeziona kwa macho. Kwanza kuna shauku ya ghafla, ambapo mtu aliyeanza juzi anajiona tayari ni mtakatifu. Halafu bidii inakuwa nzito leo na nyepesi kesho. Halafu inakuja mizunguko ya mawazo: niache nyumba nikaishi Vrindavan, au nibaki na familia na kuifundisha dini, au nisome vitabu kwanza? Baadaye mtu anapigana na matamanio yake, mara anayashinda, mara yanamshinda. Kisha anajiwekea nadhiri, kwamba kuanzia leo nitataja jina mara kadhaa na kusujudu mara kadhaa, na anashindwa kuzitimiza. Hali ya sita ndiyo inayonishangaza kila ninapoisoma: ibada imeanza kuwavutia watu, sadaka zinakuja, heshima inaongezeka, na mja anaanza kuogelea katika mawimbi hayo akidhani ni bahari ya upendo.

Katika kitabu hicho hicho anagawa vizuizi vya moyo kwa asili yake, na anasema vingine hutokana na matendo mabaya, vingine na matendo mema, vingine na makosa dhidi ya ibada, na vingine na ibada yenyewe, kwa maana ya faida, sifa na cheo vinavyoletwa nayo. Ukavu unaokutesa hauna budi kuangaliwa kwa mwanga huo. Mtu anayetaja jina ili ajisikie vizuri ametafuta faida fulani kutokana na ibada, na ingawa faida hiyo ni nzuri kuliko fedha, bado ni faida. Sikulaumu, nasema tu kwamba kipindi cha ukavu ndicho kinachomwonyesha mtu alikuwa akitafuta nini, jambo ambalo kipindi cha utamu hakiwezi kulionyesha.

Ramanuja analo jambo la kuongeza hapa, nalo silioni likinukuliwa mara nyingi. Katika ufafanuzi wake wa Brahma Sutra, andiko la kale la falsafa, anataja, kutoka kwa mwalimu wa kale, mambo saba yanayomsaidia mtu kufikia ukumbusho usiokatika: kuchagua chakula safi, kutofungwa na matamanio, kurudiarudia, kutimiza wajibu, tabia njema kama ukweli na huruma, kutovunjika moyo, na kutofurahi kupita kiasi. Mawili ya mwisho yamekaa pamoja kwa sababu maalumu. Huzuni inayotokana na kujikumbusha mapungufu huifanya akili isiweze kuelekea popote, na furaha iliyopitiliza huitawanya akili vilevile. Kwa hesabu ya Ramanuja, basi, kukata tamaa kwa sababu ya ukavu ni kizuizi kikubwa kuliko ukavu wenyewe.

Tena hujatengwa na watakatifu kwa kuwa mkavu. Chaitanya aliacha beti nane tu zinazokubaliwa kuwa zake kwa hakika. Katika ubeti wa pili anamwambia Mungu kwamba umeyatoa majina yako mengi, ukaweka nguvu zako zote ndani yake, wala hukuweka sharti la wakati wa kuyakumbuka. Huruma yako ni kubwa kiasi hicho, na bahati yangu ni mbaya kiasi hiki, kwamba sina upendo nayo. Huyo ndiye mtu ambaye Bengal nzima inamkumbuka kama kielelezo cha upendo. Tukaram, mshairi wa Dehu katika nchi ya Wamaratha, aliyepoteza mke katika njaa kubwa ya miaka ya 1630, ana nyimbo nyingi ambamo anamlaumu Vitthala, yaani Krishna, kwa kunyamaza, anajiita mnafiki, anasema maneno yake ni matupu. Hizo hizo ndizo zinazoimbwa leo na mahujaji wanaotembea zaidi ya kilomita 200 hadi Pandharpur, penye hekalu la Vitthala, kila mwezi wa Ashadha (Juni–Julai). Kulalamika mbele ya Mungu kumeingizwa ndani ya ibada.

Kuna tofauti, hata hivyo, kati ya kukosa upendo na kutojali kuukosa. Narada Bhakti Sutra, kitabu kifupi chenye kauli 84, kinaorodhesha maoni ya walimu waliotangulia kuhusu dalili ya bhakti: mmoja anasema ni kupenda ibada ya hekaluni, mwingine anasema ni kupenda simulizi za Mungu, na wa tatu ana lake. Kisha Narada anatoa la kwake, kwamba ni kumkabidhi Mungu matendo yote na kuwa na fadhaa kubwa pale unapomsahau. Barua yako ilikuwa na fadhaa ndani yake. Mtu asiyekuwa na mbegu ya jambo hili haandiki kurasa tatu kuhusu kukosekana kwake.

Kuhusu machozi ya bibi yako, ningependa uwe mwangalifu kwa pande mbili. Sina sababu ya kuyatilia shaka, na kwa mwanamke aliyeimba maisha yake yote yanaweza kuwa yalikuwa kile kile yalichoonekana kuwa. Lakini usiyafanye kipimo. Rupa, ambaye aliorodhesha machozi, kusisimka mwili, kutetemeka na kubadilika sauti miongoni mwa dalili nane za upendo, ndiye huyo huyo anayeonya kwamba wako watu wenye moyo laini kwa maumbile, na wako waliojizoeza, ambao machozi na msisimko huwajia hata pasipo chembe ya hali halisi ya kiroho. Anaeleza pia juu ya mfano wa upendo ulio kama kivuli au taswira tu, unaoweza kuonekana hata kwa mtu anayetafuta mambo mengine kabisa.

Dalili anazozitegemea zaidi kwa aliyefikia bhava hazipigwi picha. Mtu huyo hafadhaiki yanapomkuta mambo ya kufadhaisha. Hapotezi wakati. Anasa hazimvuti. Hajioni bora hata anapostahili heshima. Ana tumaini lisilokatika kwamba Mungu atamkubali, na shauku inayomsukuma mbele. Analipenda jina, anapenda kusimulia sifa za Mungu, na anapenda mahali Mungu anapokaa. Ukimkumbuka bibi yako, jiulize kuhusu haya kabla ya machozi: alipoudhiwa alifanya nini, na alimtendea vipi mtu aliyekuwa chini yake nyumbani? Ninashuku utagundua kwamba sehemu kubwa ya uliyoyaona kwake ilikuwa humo.

Jambo ambalo barua yako haikuligusa hata kidogo ni watu. Unaamka peke yako, unasoma peke yako, unajihukumu peke yako. Hapa mapokeo karibu yote yanasema kwa sauti moja. Narada anafundisha kwamba bhakti hupatikana hasa kwa neema ya watu wakuu wa Mungu, au kwa tone la neema ya Mungu mwenyewe. Halafu anasema kuandamana na watu hao ni jambo adimu, lisilofahamika kwa urahisi, na lisilokosa kuzaa matunda. Kisha anasema hata wao hupatikana kwa neema ya Mungu tu. Neema na juhudi zinakutana hapo, kwa binadamu aliye mbele yako. Rupa anaweka kuandamana na waja kuwa hatua ya pili, mara tu baada ya imani na kabla ya ibada yoyote ya mpangilio, na kati ya matendo 64 ya sadhana anayoyaorodhesha, anachagua matano yenye nguvu za pekee: kuandamana na watakatifu, kuimba majina ya Mungu, kuisikiliza Bhagavata Purana (andiko la simulizi za Krishna), kuishi katika eneo la Mathura (alikozaliwa Krishna), na kuihudumia sanamu takatifu kwa imani. Wewe unafanya moja, tena kwa faragha, wakati kuimba anakokusudia ni kwa sauti na aghalabu pamoja na wengine.

Katika Bhagavata Purana, Kapila anamwambia mama yake Devahuti kwamba mshikamano wa moyo na mambo ya dunia ni kamba isiyooza, lakini mshikamano huohuo ukielekezwa kwa watu wa Mungu huwa mlango wa wokovu uliofunguliwa. Wagujarati wengi wa Afrika Mashariki wanaifahamu kauli hiyo kupitia kwa Swaminarayan (1781–1830), ambaye katika mazungumzo yaliyokusanywa kwa jina la Vachanamrut anaifafanua hivi: mtu akiwa na mapenzi kwa mtakatifu wa kweli kama alivyo nayo kwa jamaa zake, mlango huo uko wazi kwake. Mahekalu ya wafuasi wake yako Nairobi, Mombasa na hapo Dar es Salaam, na sina haja ya kumwelekeza mkazi wa jiji hilo ulipo Mtaa wa Kisutu. Nenda jioni wakati wa aarti, yaani ibada ya taa, ukae baada ya watu kuondoka, na uwatafute wazee wawili watatu ambao dini yao imewafanya wawe wapole. Usitafute wenye maarifa mengi. Upendo, kwa jinsi walimu hawa wanavyouelewa, huambukizwa, na bibi yako mwenyewe bila shaka aliupata kwa mtu fulani aliyekaa karibu naye.

Jingine linalohusiana na hilo ni uhusiano wenyewe. Unamtaja Mungu, lakini hujaniambia yeye ni nani kwako. Wavaishnava wa Bengal wanataja namna tano za kumpenda: kwa utulivu wa kumstaajabia, kwa utumishi, kwa urafiki, kwa upendo wa mzazi kwa mtoto, na kwa mahaba. Wanasema pia kwamba kuna ibada inayosukumwa na amri ya maandiko, na kuna ibada inayosukumwa na tamaa ya kuwa kama wakazi wa Vraja, nchi ya utoto wa Krishna, waliompenda bila kuamriwa na mtu, na kwamba ya kwanza si ya kudharauliwa maana ndiyo wengi wetu tuliyo nayo. Katika nyumba ya Kigujarati uhusiano unaoelekea kuwa umerithiwa ni wa mzazi na mtoto, kutokana na mwalimu Vallabha (1479–1531) na njia yake ya Pushti, ambayo jina lake lenyewe linarejea kwenye neema inayomlisha mja. Huko Nathdwara, Rajasthan, sanamu ya Krishna iitwayo Shrinathji huangaliwa kama mtoto wa miaka saba: huamshwa, huvishwa kulingana na majira, hulishwa, huachwa apumzike, na watu huruhusiwa kumwona kwa vipindi vinane kwa siku kwa kufuata ratiba yake, si yao.

Vallabha anafundisha kwamba huduma halisi ni akili inayomwelekea Mungu yenyewe bila kusukumwa, na kwamba ili kuifikia hiyo, mtu ahudumu kwa mwili wake na kwa mali yake, kwa mkono wake mwenyewe na kwa fedha zake mwenyewe, bila kumlipa mwingine amfanyie. Kama bado kuna sanamu ya Krishna iliyoachwa na bibi yako, hilo ndilo ningelikuongezea kabla ya kukuongezea punje. Mshonee nguo. Mpikie kitu kabla ya kula wewe, hata kama ni uji. Gita inasema jani, ua, tunda au maji, vikitolewa kwa upendo, vinapokelewa, na hakuna kati ya vinne hivyo kinachomgharimu mtu wa Dar es Salaam zaidi ya dakika chache. Moyo mgumu mara nyingi hulainika kwa kumhudumia mtu kuliko kwa kumfikiria, na walimu hawa hawaoni kwa nini isiwe hivyo kwa Mungu.

Lakini tahadhari moja ya Kapila isisahaulike. Katika mafundisho hayohayo kwa mama yake, anamsema mtu anayeiabudu sanamu huku akimpuuza Mungu aliyemo ndani ya viumbe vyote, na anasema ibada yake ni sawa na kumimina sadaka juu ya majivu. Miongoni mwa makosa kumi dhidi ya jina la Mungu ambayo Wavaishnava wa Bengal hujifunza kuyaepuka, la kwanza ni kuwasengenya watu wa Mungu, na jingine ni kufanya dhambi kwa kutegemea kwamba jina litaifuta. Mtu aliye mkavu kwa muda mrefu licha ya kufanya kila kitu sawasawa, walimu hawa humshauri aangalie hapo: kuna mtu aliyemwonea, kuna ndugu asiyesema naye, kuna mfanyakazi ambaye hajalipwa? Na dawa waliyoiandika ni rahisi kuitamka, kwenda kwa aliyekosewa na kumwomba radhi yeye mwenyewe, kwa sababu katika jambo hilo kumwomba Mungu peke yake hakutoshi.

Umeuliza pia, mwishoni kabisa, kama huna budi kupata guru, yaani mwalimu wa kiroho. Kwa ibada ya jina peke yake, hapana. Chaitanya alisema wazi kwamba halina sharti la wakati, na wafuasi wake wanakubali kwamba halingojei hata uanzishwaji rasmi. Kwa safari ndefu, ndiyo, karibu mapokeo yote yanamtaka. Bhagavata Purana inataka awe amebobea katika maandiko na pia awe ametulia katika Mungu, yote mawili kwa pamoja, na msomi asiye na utulivu au mtulivu asiye na elimu hakidhi sharti hilo. Mtazame kwa muda mrefu kabla ya kumkabidhi chochote, hasa fedha, na ukiona anakuharakisha, ondoka. Vallabha alikuwa mtu wa nyumbani katika sehemu kubwa ya maisha yake ya kidini, kwa hiyo usiamini anayekuambia kwamba lazima uache kazi na familia kwanza.

Kuhusu 108 zako, zibakize kama zilivyo. Usiziongeze hadi utakapokuwa umetimiza idadi hiyo kwa mwaka mzima bila kukosa, kwa kuwa nadhiri kubwa zinazovunjika ndiyo ile hali ya tano ya Vishvanatha. Na usizipunguze kwa sababu ya ukavu, kwa kuwa uthabiti ndiyo hatua iliyo mbele yako sasa, na ladha inakuja baada yake. Muda wa kutoka hatua moja hadi nyingine hautajwi na Rupa wala na Vishvanatha, na yeyote atakayekutajia ameutoa kichwani mwake.